Kalamu na Bunduki: Wanafunzi wa Msumbiji Katika Vyuo vya Marekani Wakati wa Vita



Sifa njema zote ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Ndugu wanafunzi, na wazazi wetu wa Tukuyu na Rungwe yote, kijana wa hapa kwetu anapopata nafasi ya chuo kikuu huwa hasomeshwi na mtu mmoja. Baba ameuza chai, mama ameuza ndizi na maziwa, mjomba naye amechangia nauli. Ndipo linapokuja swali ambalo wanafunzi wetu wa darasa la juu hutuuliza mara kwa mara: Je, elimu hii ni ya nani? Ni ya aliyeisoma peke yake, au ni ya wote waliomsomesha?

Wakati wa amani swali hili linaweza kusubiri. Wakati wa vita halisubiri. Katika makala hii tutaeleza habari za vijana wa nchi jirani ya Msumbiji, ambao swali hili liliwafuata mpaka madarasani Marekani.

VITA VILIVYOONGOZWA KUTOKA DAR ES SALAAM

Chama cha FRELIMO kiliundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, na tarehe 25 Septemba 1964 kikaanza vita vya silaha dhidi ya Wareno. Rais wake wa kwanza, Dk. Eduardo Mondlane, alikuwa msomi. Alipata shahada ya kwanza katika Chuo cha Oberlin, Marekani, mwaka 1953, na shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Northwestern mwaka 1960. Alifanya kazi Umoja wa Mataifa, kisha akafundisha Chuo Kikuu cha Syracuse. Mwaka 1963 aliacha kazi hiyo akahamia Dar es Salaam kuongoza mapambano.

Vijana wengi wa Msumbiji walivuka mpaka kuja Tanzania wakitafuta shule, kwa sababu Wareno hawakuwapa Waafrika elimu ya maana. FRELIMO ilifungua shule ya sekondari Dar es Salaam, iliyoitwa Taasisi ya Msumbiji, ikiongozwa na Bibi Janet Mondlane, mke wa Dk. Mondlane. Baadhi ya vijana walipata ufadhili wa kwenda ng'ambo. Miongoni mwa vyuo vilivyowapokea Marekani ni Chuo Kikuu cha Lincoln, Pennsylvania, alikosoma Kwame Nkrumah miaka ya 1930.

MAISHA YA CHUONI MAREKANI MIAKA ILE

Vijana hao walikuta Marekani nayo ina vita vyake, vya Vietnam. Serikali iliwaita vijana wa kiume jeshini kwa lazima, lakini aliyekuwa akisoma chuo aliweza kuahirishiwa mpaka amalize. Hivyo chuo kikawa kimbilio. Kijana aliyefeli masomo hakupoteza shahada tu, bali aliweza kujikuta msituni Vietnam. Vijana wa maskini, ambao hawakuwa na karo, walikosa kimbilio hilo. Tarehe 1 Desemba 1969 ilichezeshwa bahati nasibu ya tarehe za kuzaliwa ili kupanga nani aitwe kwanza.

Vyuo vilijaa mijadala na maandamano. Ndugu yetu Muhammad Ali, bingwa wa ngumi, alikataa kuingia jeshini tarehe 28 Aprili 1967 kwa sababu ya dini yake. Alivuliwa ubingwa, akahukumiwa kifungo cha miaka 5, akawa nje kwa rufaa, na katika miaka hiyo alizunguka vyuoni akitoa mihadhara. Mwaka 1971 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilimfutia hukumu. Tarehe 4 Mei 1970 askari waliwafyatulia risasi waandamanaji katika Chuo Kikuu cha Kent State, Ohio, wakafa wanafunzi 4.

Wasomaji wetu waone tofauti iliyopo. Kijana wa Kimarekani alikaa chuoni ili asiitwe vitani, na kijana wa Msumbiji alikuwa akiitwa vitani kutoka chuoni.

WITO WA KURUDI

FRELIMO iliamua kwamba wanafunzi waliopelekwa ng'ambo warudi kushiriki mapambano, hata kwa kukatiza masomo inapobidi. Baadhi ya waliokuwa Marekani walikataa. Mwaka 1967 Dk. Mondlane aliandika waraka mkali wa kuwalaumu, na mwaka 1968 wanafunzi wakajibu kwa waraka wao.

Hoja ya viongozi ilikuwa hii: ufadhili ule ulitolewa kwa jina la watu wa Msumbiji. Mkulima anakufa msituni na mwanafunzi amekaa ng'ambo kwa jasho la mkulima huyo. Siku ya uhuru atarudi na shahada awe bwana mpya.

Hoja ya wanafunzi nayo haikuwa nyepesi. Walisema nchi itakayopata uhuru bila madaktari, wahandisi na walimu haitasimama. Walisema pia kwamba ndani ya chama wasomi wanaonewa shaka, na kwamba kuna upendeleo.

Mgogoro huu ulikuwa Dar es Salaam pia. Machi 1968 palitokea fujo katika Taasisi ya Msumbiji, na shule ikafungwa. Tarehe 3 Februari 1969 Dk. Mondlane aliuawa Dar es Salaam kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi cha kitabu.

Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni 1975. Wareno wengi walikimbia, na zaidi ya watu 90 katika kila 100 hawakujua kusoma wala kuandika. Bila walioacha masomo kwenda kupigana, uhuru ungechelewa. Na kwa uchache wa wasomi, nchi mpya ilipata taabu kubwa. Kila upande ulikuwa na sehemu ya haki.

HAPA KWETU

Tusidhani jambo hili ni la jirani tu. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam waliandamana kupinga sharti la kwenda Jeshi la Kujenga Taifa na kukatwa mshahara. Mwalimu Nyerere aliwafukuza karibu 400, na siku hiyohiyo akapunguza mshahara wake mwenyewe. Tangu mwaka 2013 wahitimu wa kidato cha sita wanaitwa tena JKT.

UISLAMU UNATUFUNDISHA NINI?

Qur'an Tukufu, Sura Tawba aya ya 122, inaeleza kwamba haiwapasi Waumini kutoka wote kwenda vitani. Katika kila kundi wabaki watakaojifunza dini, ili wawaonye wenzao watakaporejea. Na katika sira tunasoma kwamba baada ya vita vya Badr, mateka wasiokuwa na fidia waliachiwa kwa kuwafundisha watoto wa Madina kusoma na kuandika. Vita havikuizima elimu.

Lakini aya hiyo inampa sharti anayebaki: asome kwa ajili ya wenzake, kisha awafikishie. Mwenye kubaki nyuma kwa ajili ya raha yake tu hana hoja ndani yake. Hivyo swali la kwanza si "nitakwenda wapi?" bali "nina nia gani?" Nawe mzazi, mweleze mwanao mapema unachotarajia kwake, usingoje mpaka apande basi.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kama ungekuwa mwanafunzi Lincoln mwaka 1967, ungerudi au ungebaki? Toa sababu mbili.

2. Ni nani waliochangia elimu yako mpaka leo? Wataje.

3. Utawalipaje bila kutumia fedha?

Tunamuomba Allah (S.W.) atupe elimu yenye manufaa, aziepushe nchi zetu na vita, na awarejeshe salama vijana wetu wote walio mbali na nyumbani. Aamin.

Wabillaahi tawfiiq.