Umasikini Peke Yake Hautoshi Kuwa Sababu

Tarehe 13 Aprili 2017 askari polisi wanane waliuawa Mkengeni, wilayani Kibiti. Wenyeviti na watendaji wa vijiji waliuawa pia katika miezi ile. Tangu hapo twasikia watu wakisema: ni umasikini. Sisi hatukubali upesi hivyo.

Robert Merton, mtaalamu wa elimu ya jamii wa Marekani, aliandika mwaka 1938 kwamba dhiki tupu haizai uhalifu. Huzaliwa pale watu wote wanapofundishwa kuitamani mali ile ile, kisha wengi wao wakafungiwa njia za halali za kuipata. Na kweli twaliona hilo huku kwetu. Kijana wa Delta avua kamba, bei yapangwa na mwenye chombo. Akitoka barabarani Kibiti ayaona magari yapitayo kwenda Lindi na Mtwara, na simu yamwonyesha majumba ya Dar es Salaam. Babu yake alikuwa fukara kumzidi, ila hakuwa na wa kujilinganisha naye.

Lakini, wasomaji wetu, elimu hii ina mpaka wake. Vijana wengi mno, na baadhi yao tuliwasomesha sisi wenyewe, walikulia katika dhiki hiyo hiyo wala hawakushika bunduki. Wala wenyeviti wa vijiji si matajiri. Hulima na kuvua kama jirani zao. Mauaji yale hayakumfungulia masikini njia yoyote. Mei 2017 pikipiki zilipigwa marufuku usiku, na waliokosa riziki kwanza ni vijana wa bodaboda.