Kwa nini programu hukaidi amri ya kusimama

MTUMIAJI wa tarakilishi anapobonyeza vitufe vya Ctrl na C kwa pamoja, hutarajia programu inayoendelea isimame mara moja. Kwa miaka mingi, programu za lugha ya Python zilizogawanywa katika nyuzi kadhaa za utekelezaji zilikuwa zikikaidi amri hiyo. Mtumiaji hakuwa na budi kuziua kwa nguvu, na kazi ambayo haikuwa imehifadhiwa ikapotea.

Chanzo cha ukaidi huo ni jinsi lugha yenyewe inavyogawa zamu.

Python ilianza kubuniwa Desemba 1989 na Mholanzi Guido van Rossum, aliyekuwa katika taasisi ya utafiti ya CWI jijini Amsterdam, na ikatolewa kwa umma mnamo 1991. Prosesa haisomi programu ya Python moja kwa moja. Kwanza programu hiyo hugeuzwa kuwa baitikodi, yaani msururu wa amri fupi fupi, kisha mkalimani, ambaye naye ni programu, huzitekeleza moja baada ya nyingine.

Programu moja yaweza kuwa na nyuzi nyingi: mmoja ukipokea data kutoka mtandaoni, mwingine ukipiga hesabu. Hata hivyo, mafahali wawili hawakai zizi moja. Python hutambua kuwa kitu kilichomo katika kumbukumbu kingali kinahitajika kwa kuhesabu marejeleo yake. Nyuzi mbili zikibadilisha hesabu hiyo kwa wakati mmoja, huenda ikakosewa na kitu kinachotumika kikafutwa. Ili kuzuia balaa hilo, mnamo 1992 liliwekwa kufuli kuu moja: uzi unaolishikilia ndio pekee unaotekeleza baitikodi.

Hadi toleo la 3.1, uzi uliokuwa ukipiga hesabu uliachilia kufuli kila baada ya takriban amri 100. Lakini ni uzi upi ungechukua zamu? Python haina mratibu wake. Uamuzi huo huachiwa mfumo endeshi. Katika tarakilishi yenye viini viwili vya prosesa, uzi ulioachilia kufuli mara nyingi ulilinyakua tena kabla ya mwenzake kuzinduka.

Mnamo 2009, mtaalamu David Beazley alionyesha jijini Chicago kuwa hesabu iliyogawiwa nyuzi mbili yaweza kuchukua karibu maradufu ya muda ambao uzi mmoja ungetumia.

Ishara ya kusimama nayo ilikumbwa na masaibu zaidi. Inapowasili, mkalimani hakatizwi papo hapo, kwani huenda yumo katikati ya kurekebisha kumbukumbu. Huwekwa alama tu, nayo hukaguliwa baadaye, amri ya baitikodi inapokamilika. Isitoshe, ni uzi mkuu pekee unaoruhusiwa kuishughulikia. Iwapo uzi huo ulikuwa umelala ukingoja nyuzi nyingine zimalize kazi, ishara nayo ilingoja.

Nafuu ilipatikana Februari 2011 katika toleo la 3.2. Kufuli jipya, lililoundwa na Antoine Pitrou, liliacha kuhesabu amri na kuanza kupima muda. Uzi unaosubiri hungoja milisekunde 5, kisha hudai zamu. Unaoshikilia kufuli huliachilia na haulirudii hadi mwingine ulichukue. Aidha, katika mifumo ya jamii ya Unix, uzi uliolala ukisubiri kufuli sasa waweza kuamshwa na ishara.

Kufuli kuu lenyewe limeanza kulegezwa. Pendekezo la Sam Gross la kuliondoa lilikubaliwa mnamo 2023. Toleo la 3.13 la Oktoba 2024 lilikuja na Python isiyo na kufuli hilo kwa majaribio, na toleo la 3.14 la Oktoba 2025 likaiidhinisha rasmi, ingawa kwa hiari ya mtumiaji.

Hata hivyo, ishara zingali jukumu la uzi mkuu. Kadhalika, hesabu ndefu inayofanywa ndani ya msimbo wa lugha ya C yaweza kuendelea bila kuijali ishara yoyote.

Kwa hivyo, amri ya kusimama ni ombi linalosubiri kusikizwa. Mtayarishaji programu aliye makini hauachi uzi mkuu ukwame, na huzipa nyuzi nyingine alama ya kukagua mara kwa mara, ili zihifadhi kazi na kuondoka kwa utaratibu.