Gitaa la Zamani Lililoharibika: Litengenezwe au Litupwe?

Kwaya nyingi katika sharika za Masasi na Newala zina chombo ambacho hakipigwi tena. Kimewekwa juu ya kabati la ofisi au kwenye stoo ya mwinjilisti. Mara nyingi ni gitaa la umeme la miaka mingi. Shingo imevunjika, nyuzi hazipo, na kila bajeti inapopangwa kamati huandika "kununua gitaa jipya". Katika toleo hili tunaeleza jinsi gitaa la namna hiyo linavyoweza kurudishwa kwenye matumizi, mambo yasiyowezekana, na jambo moja la hatari ambalo kila kamati inapaswa kulijua.

Magitaa haya yalitoka wapi?

Gitaa la umeme lilianza kutengenezwa Marekani miaka ya 1930. Mwaka 1950 kampuni ya Fender ilianza kuuza magitaa ya ubao mzima usio na uwazi ndani. Miaka ya 1960 viwanda vya Japani, kama Teisco, vilitengeneza magitaa ya bei nafuu zaidi yaliyouzwa nchi nyingi. Hapa kwetu hizo zilikuwa enzi za muziki wa dansi, za NUTA Jazz na Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe. Vyombo vya bendi nyingi vilikuwa mali ya taasisi au mwenye bendi, si ya wapigaji. Baadaye fedha za kigeni zilipokuwa adimu, vyombo hivyo vilitunzwa, vikauzwa na kupita mikono mingi, na vingine vikaishia kwenye kwaya.

Mfano tutakaoufuata ni gitaa la solo lililoletwa kwetu na usharika mmoja wa Newala. Jina la kiwanda lilikuwa limefutika. Kichwa kilivunjika na kupigiliwa misumari, gitaa zima lilipakwa rangi ya mafuta ya milango, na halikutoa sauti.

Hatua ya kwanza: kukagua

Kabla ya kufungua skrubu yoyote, gitaa hupigwa picha pande zote, na kila skrubu huwekwa kwenye kopo lenye maandishi. Kisha mbao hukaguliwa. Gitaa lililolala kwenye sakafu ya udongo huweza kuwa limeliwa na mchwa ndani huku nje likionekana zima. Fundi huligonga kwa kidole akisikiliza mahali panapotoa sauti ya uwazi, na hutazama kama kuna unga unaodondoka.

Adui mwingine ni wa mikoa yetu ya korosho. Salfa tunayopulizia mikorosho kuzuia ubwiriunga hushambulia shaba na fedha, hasa penye unyevu. Stoo inayohifadhi mifuko ya salfa si mahali pa kuweka gitaa wala kipaza sauti. Nyaya hugeuka nyeusi na viunganisho hukata.

Hatua ya pili: shingo

Nyuzi sita za gitaa la umeme zikikazwa huvuta kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 45. Nguvu yote hiyo hubebwa na shingo, na sehemu dhaifu ni pale shingo inapokutana na kichwa, kwa kuwa mbao hapo ni nyembamba. Ndiyo maana gitaa likianguka huvunjikia hapo, na ndiyo maana misumari haifai. Msumari hupasua mbao zaidi na hauwezi kuhimili mvuto wa kila siku.

Misumari iliondolewa polepole, na ufa ukasafishwa hadi mbao zikakutana vizuri bila gundi. Baada ya hapo gundi ya mbao ilipakwa, shingo ikabanwa kwa jiriwa siku nzima, kisha ikaachwa siku kadhaa bila nyuzi. Kwa kuwa sehemu ya mbao ilikuwa imepotea, seremala alichimba mifereji miwili inayovuka ufa na kupachika vipande vya mninga. Vipande hivyo ndivyo vinavyobeba mvuto.

Kijiti cha juu kinachotenganisha nyuzi kilikuwa kimevunjika. Kingeweza kuagizwa kutoka mbali, lakini mchonga vinyago alikitengeneza kwa kipande cha mpingo kilichobaki kwenye kazi yake. Mpingo ni wa jamii moja na miti inayotumika kwenye shingo za magitaa mengi, na ndio unaotengenezewa klarineti duniani. Hakuna sababu ya kukata mti kwa kazi hii, kwani mabaki yanatosha.

Rangi ya mafuta haikukwanguliwa. Haipendezi, lakini haizuii sauti, na kuikwangua kungeondoa pia rangi ya kiwandani iliyo chini yake.

Hatua ya tatu: umeme

Chini ya nyuzi kuna sumaku zilizozungushiwa maelfu ya mizunguko ya waya wa shaba mwembamba kama unywele. Wanamuziki huita kifaa hiki pikapu. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, umeme mdogo huzaliwa kwenye waya na kwenda kwenye amplifaya. Kwa hiyo nyuzi za nailoni hazisikiki kwenye gitaa hili. Waya wa breki za baiskeli, ambao vijana wetu huutumia, husikika kwa sababu ni chuma, lakini hula vyuma vya shingoni.

Fundi redio yeyote mwenye mita anaweza kupima pikapu. Kwa kawaida nzima husoma kati ya ohmu 5,000 na 10,000. Katika gitaa letu moja ilikuwa nzima na nyingine waya ulikuwa umekatika ndani. Kuizungusha upya ni kazi ya siku nyingi na inahitaji waya maalumu, kwa hiyo gitaa linatumia pikapu moja. Tundu la jeki lilisafishwa, na viunganisho vililehemiwa upya. Hapo ndipo sauti ilirudi. Magitaa mengi "yaliyokufa" yana tatizo la tundu au waya uliokatika tu.

Hatari inayoweza kuua

Nyuzi za gitaa huunganishwa na bodi ya amplifaya. Kama amplifaya ina hitilafu na haina waya wa ardhi, nyuzi zinaweza kubeba umeme wa volti 230. Mpigaji akishika nyuzi na mdomo ukagusa maikrofoni, umeme hupita mwilini mwake. Mwaka 1972 huko Swansea, Wales, Les Harvey, mpiga gitaa wa kundi la Stone the Crows, alifariki jukwaani kwa kugusa maikrofoni isiyo na waya wa ardhi.

Makanisani bado tunaona nyaya tupu zimechomekwa kwenye soketi kwa njiti za kiberiti, na jenereta zisizo na waya wa ardhi. Kutengeneza gitaa na kuacha hali hiyo ni kumpa kijana chombo cha kumdhuru. Kabla ya ibada, fundi apime kwa mita kati ya nyuzi na maikrofoni. Mita isiposoma sifuri au karibu na sifuri, gitaa lisipigwe.

Mapendekezo kwa kamati na wafadhili

1. Gitaa likaguliwe na seremala na fundi redio kabla ya kuomba jipya.
2. Lisitengenezwe kama mwili umeliwa na mchwa au shingo imepinda kiasi cha kutonyooka. Vipuri vyake vihifadhiwe.
3. Fedha ya waya wa ardhi, plagi na soketi salama itengwe kwanza, ya nyuzi baadaye.
4. Wakati wa msimu wa korosho, michango inapopatikana, kwaya ijiwekee seti mbili za nyuzi za akiba.
5. Wafadhili wanaotaka kusaidia wafikirie nyuzi, vikazio vya nyuzi, mita na waya wa kulehemia. Vitu hivi huingia kwenye begi moja na vinaweza kuhudumia sharika kadhaa, wakati gitaa jipya huhudumia kwaya moja na litaharibika vilevile lisipotunzwa.

Sharika zenye magitaa ya namna hii ziandike hali ya kila kimoja na kutuletea orodha kabla ya mvua kuanza, ili mafundi wapange ziara yao.