Chai Yenye Chumvi Mwezi wa Februari

Kaskazi ikishavuma wiki kadhaa, ziko nyumba za pwani ya mashariki ya Unguja ambamo chai hubadilika ladha. Kosa si la majani wala sukari. Kisima kimeanza kuingia chumvi. Na Februari hiyohiyo nyumba za wageni za Paje na Jambiani zimejaa, mabafu hayapumziki asubuhi wala jioni.

Upande ule ni maweni, hakuna mto. Mvua hupenya kwenye matundu ya mawe, ikakusanyika chini, na kwa kuwa maji baridi ni mepesi, huelea juu ya maji ya bahari yaliyojipenyeza ardhini. Kwa kanuni ya wataalamu, usawa wa maji baridi ukishuka mita 1, chumvi iliyo chini huweza kupanda kiasi cha mita 40. Anayevuta kwa pampu kubwa, basi, hapunguzi maji tu. Anayaharibu, pamoja na ya jirani, maana chini kule hakuna ua.

Mwaka 2001 mtafiti Stefan Gössling alichapisha hesabu zake za Zanzibar: mgeni wa hoteli alitumia wastani wa lita 931 kwa siku, wa nyumba ndogo ya wageni lita 248, na mwenyeji lita 48. Karibu nusu ya maji ya hoteli yalimwagiwa bustani. Namba hizo ni za zamani, lakini kila nikiona nyumba ya vyumba vitano ikipanda nyasi za zulia kwenye mchanga, hunirudia. Mwenye nyumba ndogo ana nafuu kubwa tayari. Anaipoteza siku anapoanza kuiga hoteli. Akipanda mkadi badala ya nyasi, hauombi ndoo hata moja.

Kwa anayetaka kuokoa maji, mita pale kwenye tangi ndiyo ningeanza nayo. Isome wageni wakilala, uisome tena alfajiri kabla hawajaamka. Ikiwa imesogea sana, huenda kuna choo kinachovuja kimyakimya.

Kisha tazama paa. Bati la mita 100 za mraba likipata mvua ya milimita 30 hukupa karibu lita 3,000, ukiacha ya mwanzo yapite na vumbi lake. Kwa matumizi yale ya lita 248, ni maji ya mgeni mmoja kwa siku 12. Tangi likijaa masika, Julai wageni wanakuta akiba. Kisiwani Chumbe, ambako hakuna kisima cha maji baridi, vibanda 7 vya wageni vinaishi hivyo: mvua ya paani huchujwa na kuwekwa chini ya kibanda, na vyoo havitumii maji, vinageuza kinyesi kuwa mboji.

Maji ya kuogea yapelekwe kwenye migomba. Ya chooni ni jambo jingine, nalo linanitia hofu kuliko yote, kwa sababu mawe ya matumbawe yana nyufa na hayachuji uchafu kama udongo. Shimo lililochimbwa haraka humwaga moja kwa moja kwenye maji ya kunywa ya kijiji. Kwa hiyo kabla ya kuongeza chumba cha sita, chukua kamba upime kutoka karo hadi kisima, chako na cha jirani.