Taka za Sumu Hazina pa Kwenda: Mashauri kwa Wenye Biashara wa Kikopey

Msafiri aliyepita Gilgil akielekea Nakuru huinusa Kikopey kabla hajaiona. Moshi wa nyama ya mbuzi na kondoo umeupa mji huu jina katika Kenya nzima. Mfugaji anayeleta mnyama, mchinjaji, mchomaji, mwuza makaa na mwenye hoteli, wote wanapata riziki zao katika nyama hiyo.

Lakini tazama mambo mengine yaliyo kando ya barabara hiyo hiyo. Kuna vituo vya petroli, gereji, mafundi wa pikipiki, watengenezaji wa betri, maduka ya dawa za mifugo na wauza mbao. Biashara hizi zinahitajika sana, nasi tunazisifu. Hata hivyo kila moja huacha taka, na baadhi ya taka hizo ni sumu. Mwezi huu tunataka kuzungumza nawe, msomaji, juu ya sumu hizo: jinsi ya kuzipunguza, na jinsi ya kuziondoa bila kumdhuru mtu wala mnyama. Mbuzi hajui mpaka wa gereji. Hula na kulamba anachokikuta, kisha nyama yake huja mezani.

ZIWA LISILO NA MTO WA KUTOKA

Kwanza ielewe nchi unayokaa. Maji ya mvua ya sehemu hizi huteremka kwenda Ziwa Elementaita. Mito midogo ya Mereroni, Mbaruk na Kariandusi huingia humo, na chemchemi za maji moto hububujika upande wa kusini. Hakuna mto unaotoka ziwani kwenda baharini. Maji hupungua hasa kwa kukaushwa na jua. Yakigeuka mvuke, chumvi hubaki nyuma, na ndiyo sababu ziwa lina magadi.

Basi fahamu kwamba kama chumvi inavyobaki, ndivyo inavyobaki risasi ya betri, na vivyo hivyo sumu nyingine zisizooza. Mtu wa Kikopey akimwaga sumu mtaroni hajaiondoa. Ameihamisha tu kutoka uani kwake mpaka kwa jirani aliye chini yake. Tena tangu mwaka 2010 hivi maziwa ya Bonde la Ufa yamepanda na kufunika mashamba mengi. Shimo la taka ulilolichimba mahali pakavu huenda likaja kuwa ndani ya maji.

Ziwa hili liliingizwa katika orodha ya Ramsar ya maeneo ya maji yenye thamani kwa dunia mwaka 2005, na mwaka 2011 likawa Urithi wa Dunia wa UNESCO pamoja na Nakuru na Bogoria. Mwari weupe huzaa katika visiwa vyake vya mawe, na wageni husafiri mbali kuja kuwaona ndege hao na heroe. Wageni hao hula nyama Kikopey. Kwa hiyo usafi wa ziwa ni mali ya mchomaji vile vile.

SUMU NNE ZILIZO KARIBU NAWE

Betri kuukuu. Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ya gari ni madini ya risasi, na maji yake ni asidi kali. Ng'ombe hupenda kulamba vibati vya betri iliyopasuka. Akishakula risasi, huweza kupofuka, kusaga meno, kutetemeka na kusukuma kichwa ukutani. Mara nyingine hukutwa amekufa bila dalili yoyote kuonekana. Ukiona dalili hizo mwite daktari wa mifugo upesi, wala usimchinje mnyama huyo ili kuokoa fedha zako, maana risasi hukaa katika ini, figo na mifupa. Kwa watoto wa watu risasi huharibu ubongo, na Shirika la Afya Duniani husema hakuna kiasi chake kinachojulikana kuwa salama. Basi usipasue betri, usimwage asidi yake, wala usiyeyushe risasi nyumbani. Asidi ikimwagika, inyunyizie magadi ya unga mpaka iache kutoa povu, huku umevaa glavu na kukinga macho.

Oili chafu. Watu wengi huipaka katika nguzo za ua ili kuzuia mchwa. Wengine huimwaga barabarani kutuliza vumbi, au humpaka mnyama mwenye upele. Desturi hizi tatu ziachwe. Oili iliyotoka katika injini ina vipande vya madini na sumu zinazoweza kuleta saratani. Mnyama hujikuna kwenye nguzo, kisha hujilamba. Idara ya mazingira ya Marekani huwaonya wenye magari kwamba oili ya kubadilishwa mara moja tu yaweza kuharibu galani 1,000,000 za maji safi, yaani lita 3,800,000 hivi. Hesabu mwenyewe ni magari mangapi yanayobadilishiwa oili Kikopey kwa mwezi mmoja.

Dawa za kupe na za mimea. Wazee watakumbuka majosho ya zamani. Kwa miaka mingi ya karne ya 20 ng'ombe wa Afrika Mashariki walioshwa kwa arseniki, na baadaye kwa toksafini. Toksafini sasa imekatazwa na Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001. Lakini arseniki haiozi, na udongo wa kando ya josho kuukuu waweza kuwa na sumu mpaka leo. Usilime wala usilishe mahali hapo. Dawa za siku hizi ni tofauti, lakini nazo ni sumu, na chupa tupu si tupu kwa kweli. Usitilie maziwa, mafuta ya kupikia wala maji ya kunywa katika chombo kilichokuwa na dawa, hata ukiosha namna gani.

Mbao na mapipa. Jambo hili lawahusu wachomaji hasa. Nguzo nyingi za ua na za umeme hutiwa dawa yenye shaba, kromi na arseniki ili zisioze; mara nyingi huwa na rangi ya kijani kibichi. Vipande vyake si kuni. Moshi wake ni sumu, na ng'ombe wamekufa kwa kulamba majivu yake. Vile vile pipa la kukata na kufanya jiko la kuchomea nyama lisiwe lililobeba dawa, rangi au oili chafu. Mwulize mwuzaji pipa lilibeba nini. Asipojua, usilinunue.

KUPUNGUZA NI FAIDA

Njia nzuri ya kuondoa taka ni kutoitengeneza. Huhitaji mashine wala mtaalamu kwa jambo hili, na fedha zitabaki mfukoni mwako.

Mwenye gereji, tumia karai pana na mrija wa kumiminia, ili oili isimwagike chini. Mafuta ya taa ya kuoshea vyuma usiyamwage baada ya kazi moja. Yaache yatulie usiku kucha katika chombo chenye kifuniko, asubuhi umimine yaliyo safi juu uyatumie tena. Kile kizito cha chini ndicho taka. Fundi wa betri, mfundishe mteja kukagua maji ya betri na kusafisha vichwa vyake, maana betri inayotunzwa hudumu zaidi.

Mfugaji, nunua dawa ya kupe inayokutosha tu. Pima mnyama na pima maji kama karatasi ya chupa inavyosema. Dawa ikizidi hupotea bure, ikipungua huwafundisha kupe kuistahimili. Angalia pia idadi ya siku za kungoja kabla ya kuchinja au kunywa maziwa. Mwenye duka, toa kwanza dawa iliyokaribia mwisho wake, usije ukabaki na rafu nzima iliyopitwa na tarehe.

Chupa ya dawa ikiisha, ioshe mara 3. Tia maji safi robo ya chupa, funga, tikisa kwa nusu dakika, kisha mimina maji hayo ndani ya bomba la kunyunyizia pamoja na dawa yako. Fanya hivyo tena mara 2. Halafu itoboe chupa ili asiitumie mtu mwingine. Usiichome moto wala usiizike. Iweke mahali pa kufungwa mpaka itakapokusanywa, na mwulize aliyekuuzia kama anapokea chupa hizo.

WEKENI PAMOJA, PELEKENI PAMOJA

Huenda ukasema, "Nina debe moja tu la oili chafu. Ni gari gani litakalotoka Nakuru kuja kuchukua debe moja?" Ni kweli, na hiyo ndiyo sababu taka nyingi huishia mtaroni. Lakini gereji 10 zikileta lita 20 kila moja, pipa la lita 200 limejaa, na mzigo huo unafaa kufuatwa. Kikopey kuna watu waliozoea kukaa katika vyama vya akiba. Shirika la namna hiyo lafaa kwa taka pia.

Chagueni mahali pamoja, mbali na visima, malisho na majiko. Pawe na sakafu ya saruji, paa na kufuli. Sakafu izungukwe na ukingo wa kuweza kuzuia mafuta yote ya pipa kubwa likipasuka. Kila pipa liandikwe kwa Kiswahili kilicho wazi: OILI CHAFU, au MAJI YA BREKI. Usichanganye hata kidogo, kwa kuwa oili safi ya aina moja hupata mnunuzi, lakini iliyochanganywa na petroli au dawa hukataliwa. Betri zikae wima, zisirundikwe, na mvua isizifikie. Mafuta yakimwagika, yafunike kwa vumbi la mbao, kisha likusanye vumbi hilo katika pipa lake. Hilo nalo ni taka ya sumu sasa.

Mkabidhi mzigo huo mwenye leseni ya NEMA tu, nawe uombe kuiona leseni yenyewe. Oili nzuri huweza kusafishwa, au kuchomwa katika tanuri za saruji ambazo joto lake hupita nyuzi 1,400, na kwa moto huo sumu nyingi huvunjika. Moto wa uani hauwezi kazi hiyo. Betri mpeleke aliyekuuzia; wauzaji wengi hukupunguzia bei ya mpya ukirudisha kuukuu. Andika katika daftari tarehe, aina ya taka, kiasi chake na aliyeichukua, kisha tunza hati yake.

SHERIA NA MFANO WA MOMBASA

Sheria ya Mazingira ya mwaka 1999 na Sheria ya Taka ya mwaka 2022 zinamtwika mzigo yule aliyeitengeneza taka. Haitoshi kusema, "Nilimpa kijana mwenye mkokoteni." Sheria ya 2022 pia inamtaka mtengenezaji au mwingizaji wa bidhaa awajibike kwa taka inayotokana nayo. Kwa hiyo una haki ya kumwuliza mwenye kiwanda anapokeaje chupa na betri zake.

Kama wadhani haya ni maneno ya ofisini tu, fikiri habari za kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa. Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilianza kazi ubavuni mwa nyumba za watu. Watoto wakaugua kwa risasi. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho na ambaye mwanawe aliugua, aliongoza wanakijiji kudai haki. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wanakijiji walipwe shilingi bilioni 1.3, na baada ya rufani Mahakama ya Juu ilithibitisha malipo hayo Desemba 2024. Idara za Serikali zilizozembea nazo zilitiwa hatiani. Lakini fedha hazimrudishii mtoto akili iliyoharibiwa, na kesi ile ilichukua miaka mingi.

KUMBUKA MAMBO HAYA

1. Usimwage oili wala asidi ardhini, mtaroni au chooni.
2. Usipasue betri, na usiiache mahali mnyama anapoweza kuilamba.
3. Osha chupa ya dawa mara 3, itoboe, uifungie.
4. Usichomee nyama kwa mbao zilizotiwa dawa, wala katika pipa usilolijua.
5. Nunua kinachotosha, tumia kwa kipimo.
6. Unganeni na jirani zenu, mkamwite mwenye leseni.

Ikiwa una swali, nenda ofisi ya NEMA au ya mazingira ya Kaunti ya Nakuru, au mwulize afisa wa mifugo wa eneo lako. Usione haya kuuliza jambo dogo. Mteja huja Kikopey kwa kuwa anaiamini nyama yake, na imani hiyo ikishapotea haiuzwi katika duka lolote.