Je, Wajua? Unyayo, Kisigino na Kifundo cha Mguu

Je, wajua kwamba kila unyayo una mifupa 26? Nyayo mbili zina 52, yaani robo ya mifupa yote 206 ya mtu mzima imejipanga hapo chini, mahali tunapopakumbuka pakianza kuuma tu.

Je, wajua kwamba Kigali ilianza mwaka 2016 kuwa na Jumapili isiyo na magari, na kwamba sasa barabara hufungwa mara mbili kwa mwezi? Wakimbiaji wanaotoka Gishushu kuingia Nyarutarama wanajua kuwa tambarare katika jiji hili ni ya kutafuta kwa tochi. Ukipanda, shavu la mguu na kano ya kisigino huvutwa kila hatua. Ukishuka, vidole husukumwa mbele ya kiatu na kucha huumia. Aliyekaa ofisini wiki mbili kisha akakimbia kilomita kumi kwa mkupuo, Jumatatu yake anaijua mwenyewe.

Je, wajua kwamba maumivu ya kisigino yana saa yake? Hatua ya kwanza ukitoka kitandani inachoma kama umekanyaga mwiba, baada ya hatua kadhaa yanapoa, jioni yanarudi. Hapo kinachosumbua kwa kawaida ni ule utando mgumu unaotoka kisiginoni hadi kwenye vidole, uliochoshwa na uzito, kusimama kutwa, viatu vyenye soli nyembamba au mazoezi ya ghafla. Wagonjwa wengi hupona ndani ya mwaka bila kupasuliwa. Dawa yenyewe ni ukuta: weka viganja ukutani, mguu unaouma uwe nyuma, goti limenyooka, kisigino kisinyanyuke. Egemea mbele mpaka shavu la mguu livutike, hesabu hadi 30, rudia mara tatu, asubuhi na jioni. Kisha kaa ubingirishe chini ya unyayo chupa ya maji yaliyoganda.

Je, wajua kwamba kale kamfupa kalikochomoza kisiginoni, kanakoonekana kwenye eksirei na kumtisha mgonjwa, watu wengi wanako na hakajawahi kuwauma? Ukiambiwa kakatwe, uliza maswali kwanza.

Je, wajua kwamba kifundo hutegukia ndani mara nyingi zaidi kuliko nje? Kano za upande wa nje ndizo dhaifu, na ndizo zinazovutika au kuchanika ukikosea ngazi au ukingo wa barabara.

Je, wajua kwamba kuna kipimo kisicho na gharama cha kujua kama kifundo kilichoteguka kinahitaji eksirei? Kilitungwa Ottawa, Kanada, mwaka 1992. Je, mtu anaweza kutembea hatua nne, hata kwa kuchechemea? Je, mfupa unauma ukibonyezwa nyuma ya vifundo viwili vya pembeni, kwenye mfupa ulio katikati ya ukingo wa nje wa unyayo, au ule wa juu upande wa ndani? Akishindwa kutembea, au sehemu mojawapo ikiuma hivyo, apelekwe apigwe picha. Asipokuwa na dalili hata moja, uwezekano wa kuvunjika ni mdogo sana.

Je, wajua kwamba daktari wa Marekani, Gabe Mirkin, aliyeeneza mwaka 1978 ushauri wa kupumzisha kabisa na kuweka barafu, aliurekebisha mwenyewe baadaye? Barafu hupunguza maumivu saa za mwanzo, lakini huenda ikachelewesha kupona. Siku hizi mgonjwa hufungwa bandeji, huinua mguu, kisha huanza mapema kuuchezesha na kuukanyagia taratibu kadiri maumivu yanavyoruhusu. Kuuchua kwa nguvu na maji ya moto siku hiyohiyo, kama tulivyofanyiwa na bibi zetu, huongeza uvimbe. Bibi atusamehe. Ukishapona, simama kwa mguu mmoja wakati unapiga mswaki. Kifundo kisichofanyishwa mazoezi huteguka tena.

Je, wajua kwamba kidole gumba kinachovimba usiku, chekundu, hata shuka lisiguse, mara nyingi ni jongo? Asidi ya yuriki imeganda chembechembe kwenye kiungo. Mishikaki na bia za wikendi huchochea, ingawa urithi na figo vina sehemu kubwa. Kolchisini au dawa za kupunguza uvimbe hutuliza shambulio. Mashambulio yanayojirudia huhitaji alopurinoli kwa muda mrefu, kwa maelekezo ya daktari.

Je, wajua kwamba Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni ya Olimpiki ya Roma mwaka 1960 akiwa peku, kisha akashinda ya Tokyo mwaka 1964 akiwa na viatu?

Tukiwa kwenye habari za peku: je, wajua kwamba uchunguzi wa nchi nzima uliofanywa Rwanda mwaka 2017 ulikadiria watu zaidi ya 6,000 wana podokoniosi, ambayo Wanyarwanda huiita imidido, na kwamba ilikutwa katika wilaya zote 30, Gasabo yenye Nyarutarama ikiwemo? Miguu huanza kuwasha na kuchoma, kisha huvimba hadi viatu vya kawaida vinagoma kuingia. Hakuna mbu hapa, hakuna minyoo, hakuna uchawi, na haiambukizi. Daktari Mwingereza Ernest Price, akiwa Ethiopia, ndiye aliyeonyesha kuwa chanzo ni chembe za madini za udongo mwekundu wa volkano, zinazopenya ngozi ya wanaotembea peku miaka mingi na kuharibu mishipa ya limfu. Si wote hupata. Wengine wameirithi hali ya kudhurika upesi. Matibabu yake yanakera kwa urahisi wake: kuosha miguu kila siku kwa sabuni, kuikausha hadi katikati ya vidole, kuipaka mafuta, kuifunga bandeji, kuiinua usiku, na kuvaa viatu na soksi. Wanaowatenga wagonjwa hawa sokoni na kanisani wanawaongezea ugonjwa wa pili bure.

Je, wajua kwamba mguu hatari kuliko wote ni ule usiouma? Kisukari hufisha neva, na mtu anaweza kutembea na changarawe kiatuni kutwa bila kuisikia, hadi kidonda kinaoza. Mguu wa mwenye kisukari ukivimba na kupata joto, hata bila maumivu, usikanyagiwe. Upelekwe hospitali siku hiyohiyo. Kwenye Jumapili zisizo na magari, wahudumu wa afya huwapima watu sukari na shinikizo la damu. Ukimaliza kukimbia, panga foleni nawe upimwe, na ukifika nyumbani vua soksi ukague nyayo zako.