Bar 50 Hazitoshi Ukiwa Mita 30

Mtungi wa alumini anaobebeshwa mzamiaji wa kawaida huko Mnemba au Watamu una ujazo wa lita 11.1. Ukijazwa hadi bar 200, unabeba hewa ya takriban lita 2,220 ikipimwa kwa mgandamizo wa juu ya maji. Ni kiasi gani kinaondoka kila dakika? Jibu limo ndani ya kompyuta ya kuzamia inayosoma presha ya mtungi.

Kifaa kidogo hufungwa kwenye tundu la presha kubwa la kidhibiti hewa kilicho kichwani mwa mtungi, nacho hutuma kipimo kwa mawimbi ya redio hadi mkononi. Kila baada ya sekunde chache kompyuta huandika kina, joto la maji na presha iliyobaki. Pumzi zenyewe haizihesabu. Huona mtungi ukipungua tu, kisha hupiga hesabu.

Tuseme umeanza na bar 200, umetoka na 50, baada ya dakika 40 kwa kina cha wastani cha mita 15. Umetumia bar 150, yaani lita 1,665, au lita 41.6 kwa dakika. Kila mita 10 za maji ya bahari huongeza bar 1 ya mgandamizo juu ya ile 1 ya angani, kwa hiyo mita 15 ni bar 2.5. Gawanya tena, unapata lita 16.7 kwa dakika. Hicho ndicho kiwango chako, na ndicho kinachokufaa kupangia mbizi ijayo. Kwa pumzi hiyohiyo, ukiwa mita 10 zile bar 150 zinakupa dakika 50. Ukiwa mita 30, dakika 25 tu.

Wastani huo huficha mengi, ndiyo maana inafaa kuitazama grafu ya presha yenyewe kwenye kompyuta. Ukiwa mita 18, kiwango cha lita 16.7 hupunguza mtungi kwa bar 4 na kidogo kila dakika. Pambana na mkondo mpaka pumzi ifike lita 30, na mtungi huohuo utapungua bar 7.6 kwa dakika. Mstari wa presha unainama palepale ulipoanza kupiga mapezi kwa nguvu.

Mwanzo wa grafu usiuamini sana. Mtungi uliokaa juani kwenye boti ukafika nyuzi 35, ukiingia maji ya nyuzi 27, hupoteza karibu bar 5 kwa kupoa tu, hata kama hujavuta pumzi. Tena, kompyuta nyingine hutoa kiwango kwa bar badala ya lita. Bar 1.5 kwa dakika ni lita 16.7 kwa mtungi huu, lakini ni lita 22.5 kwa mtungi wa lita 15. Usizilinganishe hivihivi.

Lililo zito zaidi ni akiba. Wengi tumefundishwa kutoka majini na bar 50. Sasa uko mita 30, mwenzako kaishiwa hewa, mnavuta mtungi mmoja, kila mtu lita 25 kwa dakika kwa hofu. Dakika moja ya kutulizana hapo chini: lita 200. Kupanda mita 10 kwa dakika: lita 375. Kusimama dakika 3 kwenye mita 5: lita 225. Jumla ni lita 800, sawa na bar 72. Hata mkiacha kusimama, mnahitaji bar 52.

Zile dakika za hewa zilizobaki ambazo kompyuta hukuonyesha zimepigiwa hesabu ya mapafu yako peke yako, mwenzako hayumo. Basi kabla ya kushuka tena, fungua kumbukumbu za mbizi zako, chukua kiwango kikubwa kuliko vyote, wala si cha wastani, na mkubaliane na mwenzako: kwenye mita 30, bar 80 zikisomeka, mnaanza kupanda.